Jinsi ya kuandaa na kukagua data za migongano ya elektroni na ayoni ndani ya gesi

Majedwali mawili ya migongano ya elektroni na atomu za argoni yanaweza yote kuwa mazuri, kila moja likitoa kasi ya elektroni inayolingana na vipimo vya maabara. Chukua safu ya uayonishaji (atomu kupokonywa elektroni na kuwa ayoni) kutoka kwa moja, ipachike katika jingine, na matokeo yataharibika kuliko ya jedwali lolote kati ya hayo mawili. Anayeanza kuiga plazima (gesi yenye elektroni na ayoni huru) au kubuni kigunduzi cha gesi hukwama hapo kwa wiki nzima akiilaumu programu, kumbe programu haina kosa. Kosa liko katika namna data zilivyochanganywa.

Eneo la mgongano, ambalo huandikwa σ, hupimwa kwa mita za mraba lakini si ukubwa wa atomu. Ni uwezekano wa tukio fulani uliovalishwa sura ya eneo. Mwale wa chembe ukipita umbali L katika gesi yenye atomu n kwa kila mita ya ujazo, sehemu ya mwale itakayovuka bila kupatwa na tukio hilo ni exp(−nσL). Atomu ileile ina σ nyingi kwa wakati mmoja: ya kurushwa pembeni, ya kusisimuliwa, ya kuayonishwa, na kila moja hubadilika na nishati. Argoni ndiyo mfano mzuri kuliko yote. Elektroni ya takriban eV 0.25 (eV, elektroni-volti, ni kizio cha nishati) huipita atomu ya argoni karibu kana kwamba haipo, σ ikiwa karibu na 10⁻²¹ m². Karibu na eV 12, σ hupanda zaidi ya mara 100. Bonde hilo alilionyesha Carl Ramsauer mwaka 1921, na mpaka leo ndilo mahali pa kwanza pa kutazama ukitaka kujua kama jedwali lako limeandaliwa vizuri.

Hatua ya 1: Jua unataka σ ipi

Kabla ya kupakua chochote, andika kwenye karatasi swali unalotaka kulijibu. Anayetaka kujua mwale wa elektroni utapungua kiasi gani anahitaji σ ya jumla. Anayetaka mkondo wa ayoni anahitaji σ ya kuayonisha. Anayetaka kuiga gesi yenye uga wa umeme anahitaji seti kamili: migongano nyumbufu (ambayo haiiachii atomu nishati ya ndani), mizunguko na mitetemo ya molekuli kama ipo, misisimko yote ya elektroni, uayonishaji, na kunaswa kwa elektroni kama gesi ni ya aina ya oksijeni au SF₆. Njia yoyote ya kupoteza nishati ukiisahau, elektroni za programu yako zitapata joto kupita kiasi na uayonishaji utavimba.

Mgongano nyumbufu una σ mbili ambazo watu huzichanganya kila siku. Moja hujumlisha pembe zote sawasawa. Nyingine, ya kuhamisha momenta, huzidisha kila pembe θ kwa (1 − cos θ), kwa hiyo elektroni iliyopinda kidogo tu haihesabiwi sana, na iliyorudi nyuma huhesabiwa mara mbili. Chembe zikitawanyika sawa pande zote, hizi mbili ni kitu kimoja. La sivyo hutofautiana. Kanuni ya kazi ni hii: ukitumia σ ya momenta katika uigaji wa nasibu (Monte Carlo), tawanya elektroni sawa pande zote. Ukitumia σ ya pembe zote, weka mgawanyo halisi wa pembe. Kuchukua σ ya momenta na bado kuweka mgawanyo unaoegemea mbele ni kuhesabu jambo moja mara mbili.

Uayonishaji nao una mtego wake. Vipimo vya mkondo huhesabu chaji, si matukio: Ar²⁺ moja huonekana kama Ar⁺ mbili. Argoni huanza kupoteza elektroni mbili kwa pigo moja kuanzia eV 43.4, na karibu na eV 100 tofauti kati ya hesabu hizo mbili tayari ni asilimia kadhaa. Soma maelezo ya jedwali ujue ni ipi uliyopewa.

Hatua ya 2: Pata seti moja, na uisome kwa macho

Kwa elektroni za nishati ndogo katika gesi, mahali pa kuanzia ni LXCat, hifadhi ya wazi ya mtandaoni inayokusanya seti za waandishi mbalimbali: Biagi, Phelps, Itikawa, Hayashi, Morgan na wengine. Kila seti inajitegemea. Faili ni maandishi ya kawaida, na tukio la uayonishaji, kwa mfano, huanza hivi:

```
IONIZATION
Ar -> Ar^+
 1.576e+1
-----------------------
 1.576e+1   0.000e+0
 ...
-----------------------
```

Mstari wa kwanza ni aina ya tukio, wa pili ni gesi, na wa tatu ni kizingiti, yaani nishati ya chini kabisa ya tukio kutokea, kwa eV. Baada ya vistari, safu ya kushoto ni nishati kwa eV, ya kulia ni σ kwa m². Tukio likiwa ELASTIC (nyumbufu), mstari wa tatu si kizingiti bali ni uwiano wa tungamo ya elektroni kwa atomu, ambao kwa argoni ni 1.37×10⁻⁵. Programu uliyoandika mwenyewe ikiusoma uwiano huo kama kizingiti, haitalalamika. Itakupa tu matokeo ya uongo kwa utulivu kabisa. Jaribu kuchapisha mstari wa tatu wa kila tukio na kuupitia mmoja mmoja.

Neno EFFECTIVE lichunge zaidi. Humaanisha σ ya momenta ya mgongano nyumbufu pamoja na jumla ya matukio yote yasiyo nyumbufu. Ndani ya seti moja unaweza kuwa na EFFECTIVE au ELASTIC, kamwe si zote mbili. Kama programu yako inataka ELASTIC, toa misisimko na uayonishaji kutoka kwa EFFECTIVE katika kila nishati, kisha angalia kama kuna thamani hasi. Zikitokea kwenye nishati kubwa, seti hiyo haikukusudiwa kutumika huko. Usizifiche kwa kuweka sifuri ukaendelea.

Oksijeni inastahili onyo la pekee. Kunaswa kwa elektroni za nishati ndogo na O₂ huhitaji molekuli nyingine ya kuchukua nishati inayobaki, kwa hiyo kiwango chake hupanda na mraba wa msongamano. Jedwali la tukio hilo si σ ya kawaida, na lazima usome vizio vyake kabla ya kulitumia.

Hatua ya 3: Weka vizio vyote pamoja

Fizikia hii imerithi vizio vya vizazi vinne. Badilisha vyote kuwa m² siku ya kwanza:

- 10⁻¹⁶ cm² = 10⁻²⁰ m²
- a₀² = 2.800×10⁻²¹ m² (a₀ ni nusukipenyo cha Bohr, kipimo cha atomu ya haidrojeni)
- πa₀² = 8.797×10⁻²¹ m²
- barni 1 = 10⁻²⁸ m²; megabarni 1 = 10⁻²² m²

Makala za kabla ya vita vya pili vya dunia na za miaka ya baadaye kidogo hutoa namba ya migongano kwa sentimita kwa Torr 1 (kizio cha shinikizo) kwenye 0 °C. Hiyo izidishe kwa 2.83×10⁻¹⁷ upate cm². Namba hii inatokana na msongamano wa gesi kwenye 0 °C, si kwenye joto la chumba; ukitumia 300 K umekosea kwa asilimia 10 kabla hata hujaanza.

Msongamano wenyewe ni n = p/kT, p ikiwa shinikizo, k namba ya Boltzmann na T joto kwa kelvini. Pa 1 kwenye 300 K ni atomu 2.41×10²⁰ kwa m³. Nguvu ya uga kwa kila atomu, yaani E/N (uga ukigawanywa kwa msongamano), huandikwa kwa Townsend, Td 1 ikiwa 10⁻²¹ V m². Ukikutana na V/cm/Torr, moja ni takriban Td 3.1 kwenye 300 K na Td 2.83 kwenye 0 °C. Makala isiyotaja joto iweke pembeni.

Hatua ya 4: Pale ambapo hakuna data, kokotoa

Kwa uayonishaji wa elektroni, fomula iitwayo BEB, ya Kim na Rudd (1994), hufanya kazi vizuri kwa atomu na molekuli nyingi bila kigezo cha kurekebisha. Kwa kila obiti unahitaji namba tatu: nishati ya kufungwa B, nishati mwendo ya wastani U, na idadi ya elektroni N. Weka t = T/B na u = U/B, T ikiwa nishati ya elektroni inayogonga; 13.606 ni nishati ya kufungwa ya haidrojeni kwa eV. Kisha:

S = 4πa₀² N (13.606/B)²

σ = S/(t + u + 1) × [ (ln t / 2)(1 − 1/t²) + 1 − 1/t − ln t/(t + 1) ]

Tuifanye kwa heliamu, T = eV 120. B ni 24.59, U ni 39.51, N ni 2. Kwa hiyo t = 4.880 na u = 1.607. Kwa kuwa 4πa₀² ni 3.519×10⁻²⁰ m², S inatoka 2.155×10⁻²⁰ m². Ndani ya mabano: 0.759 + 0.795 − 0.270 = 1.285. Gawanya S kwa 7.487, zidisha kwa 1.285, unapata 3.70×10⁻²¹ m². Kilele kilichopimwa cha heliamu kiko papo hapo, karibu na nishati hiyohiyo. Fomula ya mstari mmoja kufika karibu hivyo ni jambo la kushangaza kweli. Kokotoa mfano huu kwa programu yako kabla ya kwenda kwenye molekuli, usipopata 3.70, tafuta kosa katika S, maana wengi husahau kuweka mraba kwenye uwiano wa 13.606/B.

Molekuli yenye obiti nyingi, jumlisha σ za obiti zote ambazo T imezidi B yake. Usiiamini fomula hii karibu sana na kizingiti, wala kwa matukio yanayopitia hali za kati ambamo molekuli humeza elektroni kwanza ndipo iachie nyingine.

Hatua ya 5: Kagua umbo

Chora kila σ kwa mizani ya logi pande zote mbili. Vitu vya kutafuta:

Bonde la argoni kati ya eV 0.2 na 0.3. Kama jedwali lina nukta mbili tu hapo, programu itaunganisha kwa mstari ulionyooka na kulijaza bonde. Ongeza nukta kwa kufuata mkunjo, si kwa kubahatisha. Kwa naitrojeni, mahali pake ni eV 2 hadi 4, ambako mitetemo ya molekuli huwaka kwa nguvu na σ ina vilele vilivyopangana kama meno ya msumeno. Nukta chache zitayakata meno hayo yote.

Kizingiti. Thamani ya σ pale ni sifuri, na logi ya sifuri haipo. Programu nyingi zinazokadiria kwa logi hukwama hapa au huweka namba ndogo ya kubuni ambayo huruhusu uayonishaji chini ya kizingiti. Tumia mstari ulionyooka kati ya kizingiti na nukta ya kwanza isiyo sifuri, logi baada ya hapo.

Mkia wa nishati kubwa. Kuanzia mamia kadhaa ya eV, chora σ×T dhidi ya ln T. Uayonishaji wa kweli hulala kwenye mstari ulionyooka, kama nadharia ya Bethe inavyotaka. Mkunjo ukipinda juu au chini, mkia umeunganishwa vibaya. Kipimo hiki kinachukua dakika tano na hufichua makosa ambayo hakuna kitu kingine kingeyaonyesha.

Hatua ya 6: Ayoni zina sheria zao

Elektroni ni nyepesi mno kiasi kwamba nishati ya maabara na nishati ya kitovu cha tungamo ni kitu kimoja. Kwa ayoni sivyo. Ar⁺ ya eV 100 inayogonga argoni iliyotulia ina eV 50 tu za kutumia katika mgongano. Uwiano ni M/(m + M), M ikiwa tungamo ya atomu inayogongwa. Kila jedwali la ayoni ulilonalo, andika juu yake ni nishati ipi. Jedwali lisilosema halifai.

Ayoni ikikutana na atomu ya gesi yake yenyewe, tukio kubwa ni ubadilishanaji wa chaji: elektroni huruka kutoka kwa atomu kwenda kwa ayoni, na ghafla ayoni ya mwendo inakuwa atomu ya mwendo huku ayoni mpya ikibaki karibu imesimama. Kwa Ar⁺ ndani ya argoni, σ yake karibu na eV 1 ni takriban 5×10⁻¹⁹ m², na hushuka taratibu kasi ikipanda: mzizi wa σ hupungua kwa mstari dhidi ya logi ya kasi. Katika hesabu ya momenta, tukio hili ni sawa na kurudi nyuma kwa nyuzi 180, hivyo huchangia mara mbili ya σ yake. Njia salama ni kuugawa mgongano mara mbili, sehemu inayotawanyika sawa pande zote na sehemu inayorudi nyuma, na σ ya momenta iwe ya kwanza jumlisha mara mbili ya pili. Atakayeweka σ kamili ya momenta na juu yake akaongeza ubadilishanaji wa chaji atapata ayoni zinazotambaa.

Kwa ayoni na gesi tofauti, kwenye nishati ndogo, makadirio ya Langevin yanatosha kuanzia: k = 2.34×10⁻⁹ √(α/μ) cm³ kwa sekunde, α ikiwa kiwango cha atomu kuvutika na uga kwa Å³ na μ tungamo punguzo kwa vizio vya atomu.

Upande wa juu kabisa, protoni na elektroni zenye kasi moja huayonisha karibu sawa. Protoni ya MeV 1.836 linganisha na elektroni ya keV 1. Zikitofautiana sana, moja ya majedwali ina tatizo.

Hatua ya 7: Jaribu seti nzima dhidi ya bumba la elektroni

Huu ndio mtihani wenyewe. Ingiza seti katika programu inayotatua mlinganyo wa Boltzmann, BOLSIG+ ikiwa ndiyo inayotumika zaidi, na ukokotoe kasi ya elektroni, mtawanyiko na kiwango cha uayonishaji kwa E/N kuanzia Td 0.1 hadi Td 500. Linganisha na vipimo vya bumba, yaani elektroni nyingi zinazosukumwa pamoja na uga ndani ya gesi. Kwa naitrojeni kwenye Td 100, kasi inapaswa kuwa takriban 10⁵ m/s.

Seti nyingi zilitengenezwa kwa kurekebishwa mpaka zilingane na vipimo hivi, na hapo ndipo siri ya kuharibika kwa mchanganyiko ilipo. Mwandishi mmoja huenda aliweka misisimko mikubwa kidogo na uayonishaji mdogo kidogo. Mwingine kinyume chake. Makosa ya ndani hufidiana. Ukitoa kipande kimoja umevunja fidia hiyo. Kwa hiyo ukibadilisha σ moja kwa sababu ya kipimo kipya na bora, rudia mtihani wote, na uwe tayari kurekebisha misisimko.

Programu hizi nyingi hukadiria mgawanyo wa kasi kwa vijenzi viwili tu. Hutosha pale migongano nyumbufu inapotawala. Kwa methani au CF₄, ambako σ ya mitetemo hukaribia ile ya mgongano nyumbufu wakati hiyo ya nyumbufu iko bondeni, na kwa E/N kubwa, tumia uigaji wa nasibu kama Magboltz kuthibitisha.

Hatua ya 8: Ingiza katika uigaji

Marudio ya migongano ni nσv, na v ya elektroni ni 5.93×10⁵ √E m/s, E kwa eV. Argoni ya Pa 10 kwenye 300 K, elektroni ya eV 12: n ni 2.41×10²¹, σ takriban 1.6×10⁻¹⁹ m², v ni 2.05×10⁶ m/s. Unapata migongano milioni 790 kwa sekunde, na umbali wa wastani kati ya mgongano na mgongano ni mm 2.6. Hatua ya muda ya ns 0.1 inatoa uwezekano wa asilimia 7.6, ambao ni salama. Ukipanda mpaka asilimia 30, elektroni inayostahili kugonga mara mbili itagonga mara moja.

Ili hatua ya muda iwe salama kwa kila elektroni, tafuta kilele cha jumla ya σ zote × v katika nishati zote, si kilele cha σ peke yake. Viko mahali tofauti.

Baada ya uayonishaji, nishati iliyobaki hugawanywa kwa elektroni mbili. Kugawa nusu kwa nusu ni rahisi lakini si kweli: elektroni mpya kwa kawaida huwa ya nishati ndogo, na mgawanyo wake hufuata takriban 1/(1 + (ε/w)²), w ikiwa eV 10 kwa argoni, 13 kwa naitrojeni na 15.8 kwa heliamu. Tumia mgawanyo uleule uliotumika kuitengeneza seti.

Kwa anayepima mwenyewe

Katika ombwe lenye gesi kidogo, mkondo wa ayoni ni mkondo wa elektroni × nσL. Argoni ya Pa 0.01, njia ya sm 5, σ ya 2.8×10⁻²⁰ m²: nσL ni 0.0034, hivyo µA 1 ya elektroni hutoa nA 3.4 za ayoni. Kaa chini ya 0.01 ili elektroni isigonge mara mbili. Ongeza shinikizo mara mbili uone kama ayoni zimeongezeka mara mbili kamili. Zisipofanya hivyo, usiandike matokeo.

Shinikizo ndilo linaloharibu vipimo vingi. Kipimo cha filamenti ya moto hakifai hapa, kwa sababu chenyewe husoma kwa kuayonisha gesi: kwa heliamu huonyesha karibu moja ya tano tu ya thamani halisi, na kukitumia kupima σ ni kuzunguka duara. Tumia manomita ya kapasita, inayopima shinikizo kwa kupinda kwa kiwambo chembamba. Lakini nyingi hupashwa joto hadi 45 °C, na kwa shinikizo dogo gesi husambaa ili p/√T iwe sawa pande zote. Chemba ikiwa 23 °C, shinikizo lake la kweli ni 0.965 ya linalosomwa. Usiporekebisha, σ yako itakuwa ndogo kwa asilimia 3.5, na hakuna kurudia kipimo kutakakoliondoa kosa hilo.

Nishati ya elektroni nayo hutofautiana na volti zilizoandikwa kwenye chanzo cha umeme kwa eV 1 au 2, kutokana na tofauti ya nyuso za metali. Ingiza heliamu kidogo, tafuta mahali ayoni zinapoanza, na usogeze mizani yako ili mahali hapo pawe eV 24.59. Fanya hivyo mwanzo na mwisho wa siku, kwa sababu filamenti ikizeeka mizani nayo husogea.